Seli shina kwa ini lililosinyaa: ni haki mgonjwa alipishwe?

MLETA MADA
Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu maana linagusa watu wanaoumwa. Kuna kliniki zinazotangaza kutibu sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kusinyaa, kwa seli shina, zile seli changa zinazoweza kugawanyika na kuzaa seli za aina nyingine. Wanachota uboho kwenye nyonga au mafuta ya tumboni, wanachuja seli, kisha wanamrudishia mgonjwa kwa dripu. Malipo yote yanatangulia. Msimamo wangu ni huu: utafiti uendelee, lakini kumtoza mgonjwa pesa kwa tiba ambayo bado inajaribiwa kupigwe marufuku.

Ini lina uwezo mkubwa wa kujikuza. Likikatwa theluthi mbili, kilichobaki hukua tena, na ndiyo maana ndugu mzima anaweza kumkatia mgonjwa kipande. Kazi hiyo hufanywa na seli za kawaida za ini, zinagawanyika zenyewe. Kwenye sirosisi tatizo ni makovu yaliyolibana ini hadi damu inapita kwa shida, pamoja na kile kilichoyaleta: virusi, pombe, au mafuta yaliyojaa kwenye ini. Usipokiondoa, seli mpya nazo zitakikuta palepale. Tena seli shina kama hizo za kliniki zikiingizwa kwa mshipa wa mkono, nyingi hunasa kwanza kwenye mapafu.

Uingereza walilipima jambo hili kwa wagonjwa 81, majibu yakatoka 2018. Wengine walipewa matunzo ya kawaida, wengine dawa ya kuamsha seli za uboho, wengine dawa hiyo pamoja na seli zao wenyewe. Waliopewa seli, ini halikupata nafuu kuwazidi wenzao, na madhara yakawa mengi zaidi. Sasa mtu anapata wapi ujasiri wa kuuza kitu hicho?

MKE WA MGONJWA
Kaka, nimekusoma hadi mwisho na ninakuheshimu. Ila mimi ndiye ninayeshika jagi mume wangu akitolewa maji tumboni. Yanatoka ya njano, lita tano, lita sita, na wiki mbili hazijaisha tumbo limejaa tena. Usiku wa manane anaamka anavaa viatu, anasema amechelewa kazini. Tumeambiwa tiba ni kupandikizwa ini. Ndugu wawili wamejitolea, wamepimwa, hawakufaa. Unaponiambia nisubiri utafiti, nisubiri hadi lini?

Na hukuitaja Korea Kusini. 2016 walitoa majibu ya wagonjwa 72 wa sirosisi ya pombe. Waliowekewa seli za uboho wao mara moja, makovu yalipungua kwa 25%. Waliowekewa mara mbili, 37%. Hilo nalo ni jaribio halali. Pesa ni zetu, mwili ni wake. Kwa nini atuamulie mtu ambaye hajui tunavyolala?

MUUGUZI
Dada, pole sana. Nahudumia wagonjwa wa ini na hilo jagi nalijua. Swali lako ni la haki kabisa. Ila kuna kitu nyote wawili mmekiruka: seli shina si dawa moja. Waingereza walitumia seli zinazozalisha damu. Wakorea walitumia aina nyingine, wakaziotesha kwanza maabara hadi zikaongezeka, ndipo wakazipitisha kwenye mshipa unaoingia ini lenyewe. Kliniki inayochuja mafuta asubuhi na kuyarudisha mchana kwa mshipa wa mkono haifanyi walichofanya Wakorea. Hizo 25 na 37 si zao, wasizitumie kwenye tangazo lao. Na hata Wakorea walipima kinyama cha ini baada ya miezi sita. Kovu kupungua ni habari njema, nami niliifurahia, lakini bado haituambii mtu ataishi muda gani.

Kinachoniuma ni hiki. Nilimpokea mgonjwa wa homa ya ini B aliyekuwa anameza tenofovir, kidonge cha kuzuia virusi hivyo, vizuri tu. Alipolipia seli akaacha vidonge, kwa sababu aliambiwa ini litakuwa jipya. Alirudi macho ya njano, virusi vimeamka upya, na akinyoosha mikono viganja vinapigapiga vyenyewe. Wakati dawa aliyoitupa ilifuatiliwa miaka mitano, na majibu ya 2013 yakaonyesha kuwa kati ya wagonjwa 96 walioanza wakiwa na sirosisi, 71 hawakuwa nayo tena kinyama kilipopimwa upya. Kidonge kile kile! Homa ya ini C nayo siku hizi inapona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Dada, ugonjwa wa shemeji ulianzia wapi?

MCHANGIAJI MWINGINE
Mkipiga marufuku, watu watatibiwa kwa siri, na hapo hakuna atakayejua nani amepona na nani amekufa. Japani tangu 2014 ina sheria inayoruhusu tiba za seli kwa kibali cha muda huku takwimu zikikusanywa. Mgonjwa anatibiwa, na nchi inajifunza.

MLETA MADA
Mkuu, mfano wako ndio unaonitia hofu. HeartSheet, seli za misuli zinazobandikwa kwenye moyo uliochoka, ilipata kibali hicho 2015. Mwaka 2024 wataalamu wa huko huko wakaamua kwamba ufanisi wake haujathibitika. Miaka tisa! Na hoja ya kwamba seli ni zako mwenyewe haimlindi mtu. Marekani, wanawake watatu waliharibika macho vibaya baada ya kudungwa humo seli za mafuta yao wenyewe, taarifa ikachapishwa 2017. Nao walikuwa wamelipia.

Dada, unisamehe kama nimeandika kama mwalimu. Sisemi mkae mikono mitupu. Nasema jaribio la kweli halimuuzii mgonjwa seli, linamwambia kabla ni nini kinajulikana na nini hakijulikani, na akiumia kuna anayewajibika. Haki hiyo ndiyo naidai kwa ajili ya mumeo pia.

MKE WA MGONJWA
Ni pombe. Ameacha, huu ni mwezi wa nne.

Bado sikubaliani na marufuku, kaka. Jaribio lenyewe likiwa halipo karibu na mtu, umemfungia mlango. Lakini karatasi ya kliniki nimeitoa kabatini sasa hivi. Ukurasa wa kwanza wote ni malipo. Maneno "matokeo hutofautiana" yako ukurasa wa tatu, chini, kwa herufi ndogo. Hakuna mahali wameandika ni seli za aina gani wala zitapita mshipa gani. Muuguzi, nimeandika nyuma yake: aina, mshipa, wamewatibu wangapi, wangapi wako hai baada ya mwaka. Kesho asubuhi nawapigia. Watakachonijibu nitakileta hapa neno kwa neno.