Naombeni ushauri: kazi ya mgahawani Doha, wakala anataka milioni 2.4 na pasi yangu

Binti Ipagala:
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 26, napika kwenye mgahawa mmoja hapa Dodoma, mshahara laki 2 na chakula cha mchana. Kuna kaka kasema kanipatia kazi ya mgahawani Doha, riali 1,200 kwa mwezi, malazi na chakula juu ya bosi. Anataka milioni 2.4, nusu kabla ya Ijumaa, na nimwachie pasi "aishughulikie". Nitaanzia Dubai kwa visa ya matembezi. Mama yuko tayari kuuza ng'ombe wawili kule Mpwapwa. Mkataba sijauona. Mliofanya kazi huko niambieni ukweli, msinitukane.

Mzee wa Nkuhungu:
Visa ya matembezi halafu kazi? Binti, umeshapotea kabla hujafika stendi ya Nanenane.

Nilirudi Salama:
Mdogo wangu, nimekaa jikoni Doha miaka mitatu, tangu 2019. Hapo ulipo unapika, unapiga stori na mteja, mchana unapumzisha miguu. Kule niliwekwa kwenye kukaanga: masaa 12 mbele ya mafuta, sakafu inateleza, na Ramadhani oda zinamiminika kuanzia futari mpaka daku. Mkuu wa jikoni Mhindi, nikajua "jaldi" (haraka!) kabla ya neno lolote la Kiarabu. Chumba kimoja tulilala wanawake sita.

Hayo yote nilivumilia. Kilichoniuma ni mkataba. Niliosaini Dar uliandikwa mpishi; nilipofika nikapewa mwingine, msaidizi wa jikoni, mshahara umepungua. Pasi wakaichukua siku hiyohiyo. Sheria ya Qatar inakataza bosi kushika pasi ya mfanyakazi, lakini umefika jana, hata laini ya simu huna, utamshitakia nani? Nafuu ilikuja 2020, waliporuhusu mtu kuhama kazi bila barua ya bosi. Nikahama.

Machi 2021 wakaweka kima cha chini: riali 1,000, na bosi asiyekupa malazi anaongeza 500, chakula 300. Kwa hiyo, riali 1,200 uliyoahidiwa yawezekana kabisa. Wasiwasi wangu ni huyo kaka. Sheria ya kule inakataza wakala kumtoza mfanyakazi hela ya kumtafutia kazi.

Kibaigwa Boy:
Dada, uza ng'ombe ufungue kuku wa kienyeji hapahapa. Utumwa wa nini?

Nilirudi Salama:
@Kibaigwa Boy taratibu. Nyumba yangu ya Veyula imejengwa na mafuta hayohayo ya kukaangia.

Shemeji wa Kikuyu:
Nenda TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, hapa mjini wapo. Wape jina la kampuni ya huyo kaka, waulize kama ana leseni ya kupeleka watu nje. Ni asubuhi moja tu. Na hata ukisafiri kihalali, achia ndugu nakala ya pasi na mkataba, uondoke na namba ya ubalozi wetu Doha umeiandika kwenye karatasi. Simu huwa zinapotea.

Binti Ipagala:
Asanteni sana. Nimempigia mchana, nikamwomba mkataba na namba ya leseni. Kaniuliza nani ananijaza maneno. Tangu hapo simu inaita tu, hapokei. Pasi bado ninayo. Nimemwambia mama ng'ombe wasiende mnadani kwanza.