Vitabu vya kisanduku chetu vimevimba na watoto hawaji tena. Nipake verni (vanishi) gani?

Kisanduku_Katuba (14 Julai, asubuhi)
Habari zenu ndugu. Naomba ushauri wa haraka. Hapa Katuba, Lubumbashi, tuna kisanduku cha vitabu vya bure, kimegongwa kwenye ukuta wa palseli (kiwanja cha nyumba), kinaangalia barabara. Mtoto anachukua kitabu, akimaliza anarudisha au analeta kingine. Mbao ni za kawaida, paa la manjanja (bati), mlango wa kioo, vitabu 30 hivi. Sasa karibu vyote vimelowa na kuvimba, kurasa zimegandana. Na watoto waliokuwa wanajaa pale kila jioni wameacha kuja. Nataka kujua: verni gani inazuia maji kabisa, na watoto nitawarudisha namna gani? Likizo kubwa ndiyo hii imeanza, ninaumia kuona kisanduku kimekaa bila mtu.

Menizie_Ruashi
Ndugu, verni si ya kwanza. Maji hayatoboi ubao, yanapita kwenye viungo. Paa litokeze sm 8 hadi 10 mbele, liinamie nyuma ili maji yasimwagike juu ya mlango. Ukingo wa manjanja ukunje uangalie chini, la sivyo tone linashika upande wa chini wa bati na kutembea hadi ndani. Sakafuni toboa matundu 4 ya mm 6 kwenye pembe, uyafunike kwa wavu wa mbu, na mengine mawili kando chini ya paa. Kisanduku kilichozibwa kila mahali kinatoa jasho asubuhi, zaidi mwezi huu ambapo usiku ni baridi na mchana jua linachoma. Kisha ndiyo verni ya nje, mikono 3, yaani upake mara 3, msasa katikati ya kila mkono. Ncha za mbao zilizokatwa na msumeno uzipe mikono 5, maana ubao unanywa maji kwa ncha kuliko kwa ubavu.

Mama_Kamalondo
Okoa vitabu kwanza, mbao zitangoja. Kitabu kibichi kinaanza kuota ukungu ndani ya siku 2. Visimamishe wima, jalada limefunguka na kurasa zimeachana, kivulini penye upepo. Jua kali linapinda jalada na kuifanya karatasi iwe ya njano. Kila kurasa 20 weka karatasi nyeupe isiyo na wino, ubadilishe ikilowa. Vile vya picha vyenye karatasi ya kung'aa ni vya kushughulikia leo leo: vikikaukia vimegandana, havitenganiki tena. Tenganisha kurasa moja moja kwa vidole zikiwa bado mbichi.

Mwalimu_Kampemba
Mimi nijibu la watoto. Kisanduku kinakufa pale vitabu vinapokuwa vilevile. Mtoto akikuta mara tatu kitu kimoja, harudi. Usiweke 30 kwa pamoja, weka 20, vingine vingoje ndani ya nyumba, ubadilishe 5 kila Jumamosi. Rafu ya chini iwe na nafasi ya sm 32 kwa vitabu vya picha, na sakafu ya kisanduku iwe mita 1 toka ardhini, mtoto wa miaka 6 afikie bila kubebwa. Changanya Kifaransa na Kiswahili, usijaze vitabu vya sheria vya mwaka 1980 kwa sababu tu mtu alitaka kuvitupa. Todd Bol, aliyesimamisha kisanduku cha kwanza cha aina hii mwaka 2009 kule Hudson, Wisconsin, Marekani, alikitengeneza kwa umbo la shule ndogo ya chumba kimoja, kumkumbuka mama yake aliyekuwa mwalimu. Kinavuta macho ya mtoto kabla hajajua kusoma. Na wazazi wajue kwamba kitabu cha bure si kitabu cha ovyo. Heshima hiyo inaanzia nyumbani.

BelAir_08
Samahani wakubwa, mbona hakuna anayeuliza? Leo ni 14 Julai. Lubumbashi mvua ilikwisha toka mwezi wa nne, vumbi jekundu limejaa hadi kwenye meno. Vitabu 30 vimelowa kwa maji gani? Hapa tumeshaona watu wanatunga kisa, watu wanahuzunika, halafu kesho namba ya kutuma mchango inafuata. Ndugu, kama kisanduku kipo kweli, tuambie maji yalitoka wapi.

Kisanduku_Katuba
Sikuomba mchango kwa mtu. Kisanduku kipo. Maji niliyamwaga mimi mwenyewe, ndoo mbili, nilikuwa nakiosha. Kilikuwa kinanuka.

Mama_Kamalondo
Kinanuka nini, papa? Na kwa nini uoshe na vitabu vikiwa ndani?

Kisanduku_Katuba
Dawa. Mwezi wa tatu mchwa walipanda ukutani, wakala vitabu 12 na mgongo wote wa kisanduku. Sikuweza kukubali yatokee tena. Nikanunua sokoni ile dawa ya unga ya kuhifadhi mahindi, wanaipima kwa kijiko. Toka Juni naimwaga kwenye rafu, na kidogo katikati ya vitabu. Mama mmoja akaja kusema mtoto wake aliumwa tumbo, wenzake wakaacha kuja. Lakini dawa hiyo watu wanaweka kwenye mahindi na wanakula! Na mchwa hawakurudi. Kisanduku cha pili kiko kwa seremala, nimeshanunua lita 5 za mafuta machafu ya gari ya kukipaka ndani na nje. Kwa hiyo nilitaka tu kujua verni ya kupaka juu yake ili harufu isitoke.

Mama_Kamalondo
Nafuta niliyosema ya kutenganisha kurasa kwa vidole. Usiviguse vitabu hivyo kwa mikono mitupu.

Mahindi yanapewa dawa kidogo kwa mfuko mzima, yanangoja siku zake, yanapepetwa na kuoshwa kabla ya kusagwa. Kitabu hakioshwi. Karatasi imeshanywa unga, maji uliyomwaga yameusukuma ndani ya nyuzi. Na mtoto anafunuaje ukurasa? Analamba kidole. Kila ukurasa, kidole mdomoni. Dawa iliyopimwa kwa kijiko haina lebo, hujui ni ya aina gani wala nguvu yake. Mtoto akitoa mate mengi, jasho, akitapika, mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano, ni hospitali saa hiyo hiyo, na ubebe dawa iliyobaki waione.

Vitabu vyote vilivyokuwa ndani vimekufa. Vaa glavu, funga pua na mdomo, tia kwenye plastiki mbili, funga kwa kamba, weka mbali na watoto na jiko hadi mtu wa afya au wa kilimo akuonyeshe pa kuvitupa.

BelAir_08
Nilikudhania vibaya, nisamehe. Naongeza hili: usivitupe jalalani. Karatasi ikionekana tu, inaokotwa na kesho imefungia karanga na mikate. Wala usiwashie mbabula (jiko la makaa), moshi wake unaingia kwenye chakula.

Kisanduku_Katuba
Vitabu 30 ni kazi ya miaka miwili. Vingine havikuguswa sana na unga. Na mchwa je? Bila dawa watarudi.

Menizie_Ruashi
Kama vilikaa rafu moja, vimeguswa.

Mchwa uwazuie kwa chuma. Kosa lako la kwanza ni ukuta: mchwa anatoka ardhini, anajenga njia ya udongo juu ya ukuta, anaingia mgongoni bila wewe kuona. Toa kisanduku ukutani. Bomba la chuma la mm 50, urefu mita 1.6: sm 60 ndani ya zege, mita 1 nje. Shimo upana sm 30, simenti kilo 15 inatosha, kipimo 1 cha simenti, 2 mchanga, 3 kokoto. Chini ya kisanduku vika bomba kofia ya bati, itokeze sm 5 pande zote na kuinamia chini nusu pembe mraba. Mchwa anaweza kujenga njia hata juu ya chuma, ila kwenye kofia analazimika kutokea nje, unamwona, unakwangua. Pita kila Jumamosi. Acha sm 20 bila ukuta, majani wala tawi, maana jani moja tu ni daraja.

Mbao ziwe mulombwa (mninga), sehemu nyekundu ya moyo. Ile nyeupe ya pembeni mchwa anaila, seremala asikuchanganyie. Mafuta machafu usipake ndani wala nje: yana madini mabaya, hayakauki, yanatia doa vitabu na mikono ya watoto, na verni haishiki juu yake. Mwambie seremala leo, kabla hajaanza.

Kisanduku_Katuba
Nimempigia. Mlango tu ndio umepakwa.

Menizie_Ruashi
Atengeneze mlango mwingine.

Mwalimu_Kampemba
Ndugu, jambo moja. Unaandika vinavyochukuliwa? Toka Juni, vitabu vilivyotoka viko wapi?

Kisanduku_Katuba
Kuna daftari. Nimehesabu sasa hivi: 6 havijarudi. Nyumba 4 nazijua, mbili zimeandikwa jina la mtoto tu.

Mama_Kamalondo
Nenda leo kabla ya giza. Wewe ndiye uvichukue, mtoto asikuletee mkononi. Waambie wazazi dawa ni ya nini na ulianza lini, usifiche. Waoshe watoto mikono kwa sabuni, na shuka kama kitabu kililala kitandani. Zile mbili, anza na yule mama aliyekuja kulalamika. Yeye anawajua watoto wote wa avenue.

Kisanduku_Katuba
Nimechukua plastiki na glavu. Natoka.