Sindimba kwenye kinanda: ngoma inapoa, nakosea wapi?

Kinanda_Mikindani: Wakuu, shikamooni. Napiga kinanda harusini huku Mikindani. Juzi nimesikiliza "Uhuru Afrika" ya Randy Weston, iliyorekodiwa 1960, nikaduwaa: mpiga piano wa Brooklyn, halafu mwanzoni kabisa Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, anasoma Kiswahili! Nataka kuchanganya hivyo na sindimba yetu, ngoma ya Wamakonde, ila nikiingiza kodi za jazi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, si zile za TRA) ngoma inapoa.

Mzee_Newala: Marahaba. Unajaza mno, mwanangu. Mpiga ngoma anaacha matundu makusudi, wewe unayaziba. Weston aliishi Tangier, Morocco, miaka kadhaa, akapiga na Wagnawa, wanamuziki wa jadi wa huko, na piano yake ikawa kama ngoma, sauti nzito za chini. Mkono wa kushoto uupe kazi ya ngoma kubwa. Wa kulia unyamaze kwanza.

Mpwa_Masasi: Na ngozi mlizikaza motoni? Sisi tulipiga mvua imenyesha, ngoma zinalia kama debe tupu.

Kinanda_Mikindani: Motoni tulisahau! Mkono wa kulia nimeufunga kwa khanga ya mama watoto. Jirani kashauliza kama kinanda kimeharibika.