Haki ya kutafsiri irudishwe miaka 10?

Msomaji Huru: Wadau, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa Berne 1886 ulimpa mwandishi haki ya kutafsiri kwa miaka 10 tu. 1896 wakalegeza ukomo huo, haki ikadumu, ila lugha ambayo haijapata tafsiri ndani ya miaka 10 inaachiwa huru. 1908 kule Berlin wakafuta masharti yote hayo ya miaka 10. Mi naona irudi. Kitabu kimekaliwa miaka 40 hakitafsiriwi, hapo analindwa nani?

Bint Kalamu: Mwandishi! Jasho lake, we unataka bure sababu umechoka kusubiri. Na mtafsiri mwenyewe ni nani, dalali tu wa maneno ya watu.

Mzee wa Kamusi: Dalali?? Riwaya za Kirusi umezisoma kwa Kirusi wewe? Mi nashinda na sentensi moja asubuhi nzima nahangaika na utani usiovuka lugha halafu naitwa dalali. Berne hiyohiyo ilisema tafsiri halali inalindwa kama kazi ya asili, kasome.

Wakili Kijiwe: Umeona, tafsiri HALALI. Ila Marekani 1853 mwandishi Stowe alimshtaki aliyechapa riwaya yake Uncle Tom's Cabin kwa Kijerumani bila ruhusa, akashindwa, mahakama ikasema tafsiri sio nakala.

Bint Kalamu: Marekani nao mfano? Vitabu vya Waingereza walichapa bure hadi 1891, mwandishi wao Dickens kaenda kulalamika 1842 magazeti yakamshukia yeye. Berne wameingia 1989, wameshashiba.

Msomaji Huru: Jamani, miaka 10...

Wakili Kijiwe: Mlango upo, nyongeza ya mkataba wa Berne iliyopitishwa Paris 1971. Nchi inayoendelea inaweza kutoa leseni ya lazima, yaani ya kutafsiri bila ridhaa ya mwenye haki, kwa ajili ya masomo na utafiti: miaka 3 ipite, au mmoja kama lugha haitumiki sana nchi tajiri. Lakini uwe umemwomba mwenye haki akakataa au hapatikani, usubiri tena miezi 6 au 9, na akitoa tafsiri yake humo katikati umeula wa chuya. Ndo maana karibu hakuna anayeitumia.

Mzee wa Kamusi: Sawa, ila huyu dada hajafuta neno lake.

Bint Kalamu: Sifuti. Tena dalali anakula asilimia, nyie mnapewa hata hiyo?

Mzee wa Kamusi: Wengi wetu tunalipwa mara moja basi, kitabu kiuzwe kisiuzwe, na jaladani jina halipo. Wa kuulizwa ni wachapishaji wanaotunyima, sio sisi.

Bint Kalamu: Wachapishaji ndo mliosaini nao mkataba. Mlilazimishwa?