Mkulima hakatai mbegu mpya, anakataa kubeba hasara peke yake. Au nakosea?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mkutano wa kijiji huko tambarare ya Kahe, Moshi. Mgeni aliyekuja kunadi mbegu mpya ya mahindi alimaliza kuhutubia, wakajiandikisha watu wachache, akamgeukia mwenyekiti: "Watu wako ni wagumu kubadilika." Mzee niliyekaa naye benchi moja akaninong'oneza, "Hebu muulize, yakikauka tutakula kwake?"

Swali hilo ndilo ninalolileta hapa. Mtaalamu akikosea, mshahara wake uko palepale. Mkulima akikosea, ada ya mtoto imeondoka. Napendekeza hivi: anayeleta teknolojia mpya, awe serikali, kampuni au mradi, abebe hasara ya msimu wa kwanza. Kabla ya kupanda mnakubaliana shamba hilo hutoa gunia ngapi kwa kawaida. Zikipungua, analipa pengo.

Na habari ya "ugumu" msiniletee. Tazameni skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi. Mradi ule uliofadhiliwa na Wajapani ulikamilika 1987: mifereji kutoka mito ya Rau na Njoro, mpunga wa IR54 uliotoka Ufilipino, majaruba yaliyosawazishwa, kupandikiza kwa mstari. Mavuno yakafika tani 6 kwa hekta. Kilichofuata? Majirani walio nje ya mradi, ambao hakuna aliyewafanyia semina wala kuwapa posho, walichungulia, wakabeba mbegu, wakachimba majaruba yao na kujifungulia maji. Waliipokea teknolojia haraka kuliko mto ulivyoweza kuwanywesha. Huo ndio ugumu?

Muuza pembejeo, Kiboriloni

Mkuu, hesabu yako inafilisi watu. Mvua ikikatika mwezi wa nne, nimlipe mimi? Mzigo wenyewe nimechukua kwa mkopo.

Halafu si kila hofu ni ya hasara, nyingine ni maneno ya mtaani. Mteja anabonyeza mfuko wa yurea, akikuta mabonge anasema "hii imechakachuliwa", anaondoka. Watafiti walishapima yurea ya madukani kule Morogoro, matokeo yakachapishwa 2021. Naitrojeni ilikuwa sawa. Wakulima ndio walioamini ni mbovu, kwa sababu waliihukumu kwa macho. Mabonge ni unyevu tu jamani. Unayaponda, unaweka shambani.

Mtoto wa mkulima, Himo

Mangi, ya Morogoro tumesikia. Ya Uganda mbona umeiruka? Huko utafiti uliotoka 2017 ulikuta mbolea ya madukani imepungukiwa naitrojeni kwa kama asilimia 30, na mbegu zilizouzwa kama chotara, chotara halisi haikufika nusu. Sasa mama yangu ana maabara gani ya kujua yuko upande wa Morogoro au wa Uganda? Lebo ya kukwangua na kuthibitisha kwa simu ipo kwenye mfuko wa mbegu, sikatai. Lakini yeye ananunua kilo moja ya kupimiwa, lebo inabaki dukani kwako.

Mama wa kihambani, Machame

Habari zenu wanangu. Mmeanza na mahindi na mpunga, kahawa mmeisahau.

Kihambani kwangu, yaani shamba la nyumbani, niliikuta mibuni ya marehemu baba mkwe, aina ya zamani. Inataka kupigwa dawa ya mrututu kila mara, maana chulebuni inaozesha matunda na kutu inamaliza majani. Miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa hapo Lyamungu, inahimili magonjwa yote mawili, na dawa hizo unaachana nazo. Hili kila mtu huku analijua. Mbona mibuni mikuukuu bado imesimama?

Kwanza, ukipanda mche mpya unakaa kama miaka mitatu bila debe la maana. Msimu mmoja wa fidia wa mleta mada haumfikishi popote mtu wa kahawa. Pili, na hili wataalamu hawaliulizi, mbuni wa baba mkwe haung'olewi na mkamwana. Hilo ni la kikao cha ukoo, na kikao kinataka mbege, na kikishakunywa mbege kinaahirishwa.

Nilifanya hivi. Kila mwaka niling'oa safu mbili, za nyuma ya migomba, ambako shemeji hapiti. Mwaka wa nne akaingia kukata majani ya ng'ombe, akakuta matunda mekundu kwenye miti ambayo hakuniona nikiipulizia hata siku moja. Akaniuliza, "Mke wa kaka, hii miche umeitoa wapi?" Sasa hivi nusu ya shamba lake ni chotara.

Hakuna aliyenilipa hasara, wala sikuidai. Nilichokidai na sikukipata kirahisi ni miche kuwa tayari kitaluni mvua za kwanza zinaponyesha. Miche ya kuletwa mwezi wa sita unaimwagilia kwa ndoo.

Kijana wa Tengeru

Mnazunguka sana. Programu moja ya simu inamaliza yote: bei, hali ya hewa, ushauri wa bwana shamba.

Mama wa kihambani, Machame

Mwanangu, simu yangu ni ya batani.

Mwenye jaruba la mwisho wa mfereji

Mleta mada, hao majirani unaowasifu ndio walionikausha. Mimi nilikuwa ndani ya mradi, nikafuata kila nililofundishwa. Wao wakaukinga mto kwa juu, huku chini tukaanza kugawana maji kwa zamu, na mwaka mwingine zamu haikufika kwetu. Babu zetu walipochimba mifongo, mifereji yetu ya asili, waliweka na utaratibu wa nani anafungua lini. Mbegu mpya ilikuja bila utaratibu wa watu watakaoiga. Sasa niambie: teknolojia ikishindwa unataka mleta teknolojia alipe. Ikifanikiwa kupita kiasi, mimi ananilipa nani?

Bwana shamba mstaafu, Arumeru

Niongee kama niliyewahi kuitwa mwongo mbele ya watu. Mkimhakikishia mtu fidia kamili, wapo watakaopanda wakaenda zao Arusha mjini, palizi wasifanye, wakarudi kudai. Nimewaona na ng'ombe wa mkopo. Kwa hiyo fidia iwe ya kipande, robo eka, na pembeni yake mkulima huyohuyo apande mbegu yake ya siku zote. Mvua ni moja, jembe ni moja, na kama hakupalilia vyote viwili vitasema.

Jambo la pili, chagueni kitu chenye soko. Maharage ya Lyamungu 90 mimi sikuyahubiri sana. Punje kubwa, madoa mekundu, walaji wanayapenda. Yalitembea kwa visado, shemeji kwa shemeji, hadi nikayakuta vijiji ambavyo sijawahi kukanyaga.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Robo eka na kipande cha kulinganishia, nimekubali, na hapo hata mangi wa Kiboriloni hafilisiki, maana ukame utaonekana pande zote mbili. Mama wa Machame naye kanifungua macho kuhusu muda. Kule Busia, Kenya, walijaribu kumuuzia mkulima mbolea mara tu baada ya mavuno, pesa ikiwa bado mfukoni, na kumpelekea bila gharama ya usafiri. Waliotumia mbolea wakaongezeka. Bei ya mbolea yenyewe haikupunguzwa, kilichobadilishwa ni siku na namna ya kuifikisha.

Mwenye jaruba, kwako sina jibu. Fidia yangu haijui kuhesabu maji.

Jana nimempigia yule mzee wa Kahe, nikamweleza habari ya robo eka. Amekubali kuitoa. Kachagua iliyo kando ya njia, eti kama ni kukauka, kila anayepita gulioni aone.