Mtafsiri wa muvi katia mbaazi kwenye Goodfellas, hasira hazijanipoa

Wakuu, natoka kibanda umiza hapa Ngamiani sasa hivi, hata viatu sijavua. Mtafsiri mwenyewe mnamjua, yule anayeongea Kiswahili juu ya muvi, hakuna flashi Tanga hii isiyo na sauti yake.

Wameweka Goodfellas, ile muvi ya majambazi ya Scorsese ya 1990. Joe Pesci yuko mezani anapiga stori, watu wanakufa kwa kucheka. Ray Liotta anamwambia we jamaa unachekesha. Pesci anakauka. Nachekesha kivipi? Meza nzima kimya. Hujui kama ni utani au kuna mtu anazikwa kesho. Ule ukimya ndio muvi yenyewe!

Hapo hapo bwana huyu akadakia: "Jamani kanyimwa mbaazi, andazi limemkaba, nani ana chai?" Kibanda kizima hoi, mabenchi yanalia. MBAAZI! Mtu roho iko mkononi, wewe unaleta mbaazi!

Muvi ina utani wake tayari. Unachekeshwa makusudi ili kicheko kije kukukwama kooni kama mwiba wa changu. Mbele huko yule dogo wa kuhudumia vinywaji, Spider, anamjibu Pesci ovyo, wenzake wanacheka, Pesci anammiminia risasi. Kile kicheko ndicho kilichomuua mtoto wa watu. Leo dogo anakufa, kibanda bado kinachekea mbaazi! Pesci alipewa Oscar kwa kazi ile, mimi sikusikia hata pumzi yake.

Kasa wa Raskazone: Umelipa mia tano unataka ukimya? Ukimya uko makaburini, mkuu.

Bint Chumbageni: Bila yeye bibi yangu asingeelewa muvi hata moja. Muacheni.

Mleta uzi: Bibi simkatazi, dada. Atafsiri usiku kucha! Ila sekunde tano tu za kufunga mdomo zinamshinda? Mbaazi!!

Muuza Madafu: Steringi mwenyewe hafi, wewe unalilia nini?

Mwana Pangani: Mimi nimetoka na sauti yake Dar mpaka Segera kwenye muvi ya basi. Mtu anachinjwa kwenye skrini, yeye anasifia viuno. Mama mkwe kakaa pembeni yangu. Namwambia konda azime, naambiwa rimoti imepotea.

Kasa wa Raskazone: Hahaha pole sana kwa mkweo.

Mkazi wa Makorora: Afadhali nyie mnafika mwisho. Huku kwetu mpira ukianza muvi inakatwa hata kama imebaki dakika mbili. Kuna moja mpaka leo sijui muuaji alikuwa nani.

Bint Chumbageni: Hela wanarudisha?

Mkazi wa Makorora: Thubutu! Anakwambia benchi ushalikalia. Na benchi lenyewe lina msumari, suruali ya Idi imekwenda.

Muuza Madafu: La tatu kutoka mlangoni? Hata mimi limenichana.