Rafiki anakuja Dar kutoka Ujerumani, nimpeleke kula wapi? Ana aleji ya karanga

binti_tabata
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Kuna rafiki yangu wa Leipzig nilisoma naye masta kule, anafika Alhamisi jioni na atakuwepo Dar mpaka Jumatatu asubuhi halafu anaelekea Moshi. Atafikia gesti ya Upanga. Nilipokuwa kwao mama yake alikuwa ananiita kila Jumapili nikale nyumbani, viazi na kabichi na keki za matunda, sasa na mimi sitaki kumuweka ghorofani akala baga ambayo hata kwao ipo tele. Ndugu zangu wanasema nimpeleke Masaki tu, kule kwenye mahoteli ya bei, asije akaumwa tumbo, lakini roho yangu inataka ale tunachokula sisi. Shida ni moja, ana aleji kali ya karanga, anatembea na sindano yake ya dharura ya aleji kabisa. Pilipili anakula kidogo, nyama zote anakula. Bajeti ipo ila siyo ya Masaki kila siku. Mnanishauri wapi na wapi?

mzee_gerezani
Binti karibu sana. Mimi ningeanza na saa kabla ya sehemu maana Dar kila chakula kina muda wake na wageni wengi wanaharibikiwa hapo, unampeleka mtu kwa mama ntilie saa kumi jioni anakuta wali umeshakauka kwenye hotipoti anaondoka anasema chakula cha Tanzania kibaya. Supu ni asubuhi, saa moja mpaka saa tatu, supu ya ng'ombe au ya mbuzi na chapati, ndimu pembeni, baada ya hapo imebaki maji na mafuta. Wali samaki, wali maharage, ugali na dagaa ni saa sita na nusu mpaka saa nane, hapo sufuria ndo zimetoka jikoni na watu wamejaa. Jioni ndo choma, mishkaki, kuku, chipsi mayai. Ukifuata huo mpangilio hata banda la kawaida kabisa Ilala au Kariakoo atakula vizuri. Kipimo changu mimi ni foleni ya wafanyakazi wa eneo lile, mafundi na madereva wakipanga mstari mahali kila siku ujue pale chakula kinaisha na kesho kinapikwa kipya.

Kwa Upanga usiku mmoja mpeleke Mamboz, kona ya Morogoro Road na mtaa wa Libya. Wanafungua jioni, wanachoma kuku na mishkaki pale pale nje, meza ziko barabarani, moshi umetanda, familia za Kihindi, Waarabu, Waswahili wote wamekaa pamoja. Kuku wao wa ndimu ni wa kukumbukwa.

jikoni_kwa_aisha
Dada mimi napika biashara, naomba usome hii taratibu kwa sababu aleji ya karanga kwetu siyo mchezo. Karanga haionekani. Kisamvu kinaungwa kwa nazi, kwa karanga, au vyote viwili. Mchicha hivyo hivyo, majani ya maboga hivyo hivyo, na ukimuuliza mhudumu "kuna karanga?" wengine watakujibu hakuna wakimaanisha hakuna karanga nzima nzima, kumbe unga wa karanga upo ndani. Uliza hivi: "mboga mmeunga na nini?" na muulize mpishi mwenyewe siyo anayeleta sahani. Halafu angalia upawa. Kwa mama ntilie upawa mmoja unatembea kwenye kisamvu, unarudi kwenye maharage, unaenda kwenye mchuzi. Kwa hiyo hata kama hali kisamvu, sehemu yenye mboga ya karanga mimi nisingemlisha chochote chenye mchuzi, ningeenda kwingine. Pia waambie watoto wa mitaani wanaopita na karanga za kukaanga na kashata wasimuwekee mkononi, wana desturi ya kuonjesha.

Salama zaidi ni kitu kinachopikwa mnakiona: samaki wa kukaanga, nyama choma, ndizi za kuchoma, ugali, chapati. Mafuta nayo uliza, mengi ni ya alizeti au mawese, ila uliza tu.

kaka_sinza
Naungana na Aisha, na ndo maana nasema nyama choma usiikose. Baa yoyote ya Sinza yenye jiko lake nje, unaenda kwenye kioo unachagua mguu wa mbuzi mwenyewe, unapimiwa kilo, unakaa. Mwambie mapema kwamba itachukua karibu saa nzima, wazungu wengi baada ya dakika ishirini wanadhani wamesahauliwa. Dada anakuja na jagi na beseni mnanawa, nyama inakatwa mbele yenu kwenye ubao, kifungu cha chumvi pembeni, ndizi, kachumbari. Hicho kipande cha mbavu cha kwanza kikiwa bado kinachuruzika mafuta mwache ale kwa mkono, hakuna uma hapo.

upanga_mama_K
Mimi nawatetea kidogo hao ndugu zako wa Masaki. Mtu katoka kwenye ndege Alhamisi usiku, mwili umechoka, siku ya kwanza usimpeleke kwenye kelele. Mpe chakula cha moto kilichoiva sasa hivi, kachumbari na juisi ya barafu zisubiri Jumamosi. Na siyo lazima iwe Masaki. Hapo hapo mjini mtaa wa Kisutu, ule wenye mahekalu ya Wahindu, kuna vihoteli vya Wahindi vya siku nyingi, chai ya maziwa yenye tangawizi, kachori, bagia. Hao nao ni Dar, wako hapa toka enzi za babu zetu na mgeni aondoke anajua hivyo. Ila karanga uliza na huko, kwenye vitafunwa vyao vikavu na chatini huwa zinatiwa.

binti_tabata
Asanteni jamani, sikuwa nimewaza kabisa habari ya upawa. Ijumaa mchana vipi? Na Jumapili nilikuwa nawaza tukimbie Zanzibar asubuhi tukale Forodhani tugeuze.

mzee_gerezani
Ijumaa ndo siku ya pilau na biriani, ila nendeni baada ya swala, kama saa nane kasoro, kabla ya hapo wenye mahoteli wengi wako msikitini.

mtoto_wa_mkunazini
Dada Forodhani hiyo haiwezekani kwa kugeuza. Meza za pale zinapangwa jua likikaribia kuzama, boti za kurudi Dar zimeshaondoka. Kama hamlali Unguja iacheni. Na kwa huyo mgeni wako ile Zanzibar pizza ningemkataza, zinapikwa za nyama na za tamu kwenye chuma kimoja, na hizo za tamu zinapakwa Nutella na mara nyingine siagi ya karanga. Jumapili bakini hukohuko, asubuhi nendeni Feri mkaangalie mnada wa samaki, mnunue changu au kibua, pale pale kuna wakaangaji mnawalipa wanawakaangia mnakula.

jikoni_kwa_aisha
Feri sawa kabisa, jioni yake mkaenda Coco Beach mihogo ya kuchoma, kila mtu yuko pale Jumapili. Chukueni kwa anayechoma mihogo tu, yule mwenye sinia la karanga pembeni mpiteni. Na hiyo sindano muulize inachomwaje kabla hamjaenda popote, wewe ndo utakuwa naye. Muhimbili iko hapo hapo Upanga alipofikia.